Motokari Zinanyamaza Siku ya Mungu

Twende kidogo Lime Rock, katika Connecticut, Marekani. Njia ya mashindano ya motokari iko pale tangu 1957; kuizunguka ni kilometa 2,4 hivi. Wengi wanaokimbia pale hawalipwi: juma nzima wako kazini, kisha wanavuta motokari yao mpaka huko. Lakini kanisa liko ng'ambo ya barabara, na majirani walichoka na kelele. (Wewe unayelala karibu na mashine za mgodi, unawaelewa!) Wakashitaki, katika 1959 tribinali ikakataza mbio siku ya Mungu, hata leo. Basi, moteri ikivunjika siku ya posho asubuhi, mwenyewe ana saa chache tu kuitengeneza. Kesho yake ni kengele peke yake, naye mikono ingali na mafuta.