Sato wa Tano

Kwetu Nyasho mgeni wa heshima hapewi kipande cha samaki. Anapewa sato mzima, kichwa hadi mkia, amelazwa kwenye sahani bapa. Kipande ni chakula cha siku zote, wala hakina aibu. Mimi nimelelewa kwa vipande. Lakini sato mzima ana maneno yake. Anamwambia mgeni: huyu hajamegwa na mtu yeyote kabla ya kukufikia wewe.

Uzito wa maneno hayo unaonekana zaidi ukimtazama samaki mwingine wa ziwa hilihili, sangara. Sangara akifika kiwandani hugawanywa. Minofu hupakiwa kwenda Ulaya na kwingineko. Bondo lake hukaushwa na kusafirishwa hadi China na Hong Kong. Kinachobaki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyong'ang'ania, ndicho tunachokiita panki, na mapanki yamelisha nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Yakikaangwa vizuri ni matamu. Lakini mtoto aliyekulia kando ya ziwa hili anajifunza mapema tofauti kati ya anayepewa kitu kizima na anayepewa kilichobaki.

Mwaka jana, mwezi wa sita, ndugu wa marehemu baba walituma ujumbe kwamba wangekuja Jumamosi kuzungumzia nyumba. Hawakusema nyumba ya nani. Ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule, ambayo mama alibeba maji ya kufyatulia matofali yake akiwa na mimba yangu. Baba alikuwa ametimiza miezi kumi kaburini, na hakuacha wosia.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo. Usiku ule nilimsomea mama Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo bado lipo vitabuni. Linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Nikamsomea pia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua jasho la mke katika mali ya ndoa, ingawa kifungu chenyewe kinahusu wanaoachana, si waliotenganishwa na kifo. Nilikuwa nimeandika hoja saba kwenye daftari. Mama alisikiliza zote, akauliza kama ndimu zipo.

"Andika, mwanangu," alisema. "Lakini watu hawazungumzi na njaa. Tutapika chukuchuku."

Chukuchuku ni samaki wa kuchemshwa bila mafuta. Ni pishi rahisi kuliko yote ninayoyajua, na kwa sababu hiyo halina mahali pa kujificha. Samaki aliyelala siku mbili utamfunika kwa kumkaanga, ukamzidishia bizari na tui. Kwenye chukuchuku atakusema mbele ya wageni. Kwa hiyo pishi hili linaanzia sokoni, na linaanza alfajiri.

Tulishuka Mwigobero mitumbwi ikiwa inaingia. Mama hanunui kwa kuangalia ukubwa. Hufunua shavu la samaki aone kama ndani ni pekundu, hubonyeza ubavu aone kama unarudi, kisha humtazama jicho kama anayemuuliza swali. Alichagua sato mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Nikaanza kufungua mfuko. Akachagua wa tano.

Nilihesabu kimoyomoyo. Wageni walikuwa wanne: baba mkubwa, baba wadogo wawili na shangazi. Mtu akija na ugeni wa wanaume kama ule, mama hula jikoni nami, chochote kilichopo. Nilidhani labda anaogopa mmoja kuharibika. Sikuuliza. Tulilipa, na nauli ya bodaboda ikawa imekwisha humo, tukapanda Nyasho kwa miguu.

Pishi lenyewe ni hivi. Samaki huparuliwa magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani, hutolewa matumbo na mashavu, husafishwa kwa maji mengi. Kila ubavu huchanjwa mara tatu, kisu kifike karibu na mfupa lakini kisimkate. Chumvi na ndimu huingia kwenye chanjo hizo kwa kidole, kisha samaki huachwa atulie wakati mkaa unashika. Chini ya sufuria pana hutandikwa vitunguu na nyanya zilizokatwa duara. Samaki hulazwa juu yake, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, bila kupandana. Sisi tulitumia sufuria mbili. Juu hufunikwa kwa nyanya tena, vipande vya hoho, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, itoe harufu isitoe ukali. Maji hutiwa yafike nusu ya samaki tu. Yakizidi, unapika maji.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kujizuia. Chukuchuku haikorogwi wala samaki hageuzwi. Unashika ukingo wa sufuria kwa vitambaa viwili, unaitikisa kidogo, unafunika, unaondoka. Kwa moto wa wastani haichukui zaidi ya dakika ishirini hivi. Jicho likigeuka jeupe na nyama ikaanza kuachana na mfupa kwenye zile chanjo, ameiva. Kumwinua mzima ndiko kunakotenganisha wapishi: vijiko viwili bapa, kimoja chini ya kichwa, kingine chini ya mkia, na mtu wa pili ameshika sahani karibu kabisa.

Mgagani tulikuwa tumeuchemsha tangu Ijumaa, tukamwaga maji yake machungu na kuulaza kwenye maziwa. Ugali ulikuwa wa muhogo na mtama, unga umechekechwa mara mbili. Mama aliusonga mwenyewe, akaupakua kwa bakuli lililoloweshwa, ukatoka laini na duara bila alama ya mwiko. Kitambaa cha meza kilikuwa kile cheupe alichokifuma zamani, kilichokuwa kikikaa juu ya redio ya baba.

Walifika saa saba. Nilipiga magoti nikawaamkia, nikapokea marahaba yangu. Baba mkubwa aliketi kwenye kiti cha baba bila kuelekezwa.

"Tumekuja kwa ndugu yetu," alisema.

"Karibuni, shemeji," mama alijibu.

Nikaleta jagi na beseni, nikawanawisha kuanzia mkubwa. Mama akatoka jikoni na sahani moja moja, akimwekea kila mtu sato wake, bakuli la mchuzi na nusu ya ndimu pembeni. Nne zilipokwisha akarudi jikoni. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. Akatoka na sahani ya tano, akaiweka mezani mahali palipobaki, akavuta kiti, akanyoosha mikono kwangu nimnawishe.

Baba mdogo mmoja alimtazama mwenzake. Shangazi alitazama samaki wake. Mimi nilimwaga maji polepole, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Kichwa chake ni kitamu, shemeji," mama alimwambia baba mkubwa. "Anza na kichwa."

Wakala. Sato mzima hataki haraka. Ana miiba, na mtu mwenye miiba mdomoni hawezi kugomba. Kwa muda mrefu hapakuwa na sauti isipokuwa ya watu wanaonyonya mifupa. Shangazi aliomba mchuzi mara ya pili. Halafu, bila kuinua macho, alisema kwamba anakumbuka matofali ya nyumba ile, kwamba yeye alikuja kusaidia siku mbili akakimbia, na mama akabaki. Hakuna aliyemjibu. Baba mkubwa aligeuza samaki wake upande wa pili.

Mazungumzo ya nyumba yalifanyika baada ya chai, yakachukua saa nzima, na hayakuisha. Walisema mke ni mgeni katika ukoo. Nilisoma hoja zangu, tatu kati ya saba, na zilisikilizwa kwa adabu ambayo sikuitegemea. Mtu akisema mke ni mgeni, nami namkumbuka sato. Yeye naye hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, wakati ngege ndiye aliyekuwa samaki wa wenyeji. Leo ukimwambia mtu wa Musoma kwamba sato ni mgeni, atakuuliza unatoka wapi. Hilo sikulisema siku ile. Halikuwa kwenye daftari.

Walipoinuka kuondoka baba mkubwa alisimama mlangoni akitafuta viatu vyake. "Tumekula vizuri kwako, shemeji," alisema. Alisema kwako. Huenda hakuligundua neno hilo. Mama aliligundua; nilimwona akilipokea kwa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayepokea chenji iliyo sahihi.

Nilikula mchuzi na ukoko wa ugali jikoni, nimeketi kwenye kigoda, na sikumbuki kula vizuri zaidi. Mama aliosha vyombo mwenyewe, akaniambia niende nikafue kitambaa kabla doa la nyanya halijakauka.

Kesi ya mirathi sasa iko mahakamani, na shangazi amekubali kutoa ushahidi kuhusu matofali. Watakuja tena kabla ya hapo, wametuma ujumbe. Mama ameniuliza kama nitakuwa likizo. Nimemwambia ndiyo, nikamuuliza tununue sato wangapi.

"Sita," alisema. "Na wewe sasa umeshakuwa mkubwa."