Magoti ya Wazee Wetu

Ndugu zetu Waislamu, hapa Mpanda imekuwa desturi, mzee akilalamika magoti, kujibiwa, "Ni uzee huo, vumilia." Neno hili sisi twaliona lina madhara. Mtaani petu wamo wazee waliokuwa hawakosi safu ya kwanza, nao leo husali peke yao nyumbani. Si kwa upungufu wa imani, bali kwa haya ya kuonekana wamekaa kitini.

Wengi huyaita maradhi haya baridi yabisi, lakini si baridi iyaletayo. Ndani ya goti, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini chenye utelezi. Gegedu ikilika, goti hukakamaa na kuuma, hasa mtu ainukapo au apandapo ngazi. Umri ni sababu mojawapo, wala si peke yake. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Kisha kuna unene, jeraha la zamani, urithi wa ukoo, na kazi za miaka mingi za kuchutama na kubeba mizigo mizito. Nani katika Mkoa wa Katavi asiyezijua kazi hizo, za mashamba ya mpunga na za machimbo ya dhahabu?

Umri haurudi nyuma, lakini uzito hupungua. Wataalamu wamepima wakaona kuwa kila kilo 1 impunguayo mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Wala mgonjwa asijilaze siku zote: kutembea kwa kiasi na kuitia nguvu misuli ya mapaja hupunguza maumivu. Vidonge visimezwe kila siku bila shauri la daktari, maana vingine hudhuru tumbo na figo.

Ama Sala, Imran bin Husein (r.a.) alipougua alimwuliza Mtume (s.a.w.), akaamriwa asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Basi awezaye kusimama na asimame, na ashindwaye kusujudu akae aashirie, sijda yake iwe chini kuliko rukuu. Iko wapi aibu hapo?

Enyi vijana, pelekeni viti msikitini, mkawashike wazee wenu mkono. Mwenyezi Mungu awape shifaa. Amin.