Ndege wa Nchi Kavu: Kutoka Kathonzweni Hadi Ngulia

Katika Ukambani mtoto hujifunza mapema kuwatupia ndege mawe. Mtama na mawele yakianza kukomaa, kwelea hushuka makundi kwa makundi mfano wa moshi, na shamba lisilolindwa huvunwa kabla mwenyewe hajalivuna. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumekua tukidhani kwamba kila ndege ni adui wa ghala. Kumbe walao nafaka ni sehemu tu ya ndege wa nchi yetu. Wengi wengine hula wadudu, matunda na mizoga. Atakaye kuwajua hahitaji bunduki wala gari la fahari. Yamtosha darubini ndogo, maji ya kunywa, viatu vya kuzuia miiba, na subira.

Na aanzie Kathonzweni. Mji huu uko kusini-mashariki ya Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, katika nchi ya migunga ielekeayo Mto Athi. Yafaa kutoka sokoni saa 12 asubuhi, maana ifikapo saa 4 jua huwa kali na ndege hujificha vivulini. Hapo ataona kwezi mwenye mgongo wa buluu ung'aao, na kanga wakipekua majani makavu.

Walakini wa kutazamwa zaidi ni hondohondo. Siku za kutaga zikifika, jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo na mavi mpaka ubaki ufa mwembamba. Dume humlisha kwa ufa huo siku nyingi, na akifa dume, jamaa yote ya ndani i hatarini. Basi mti mzee wenye pango, uonekanao hauna faida ila kwa tanuri la makaa, ndio nyumba ya hondohondo. Ndiyo pia nyumba ya nyuki.

Na penye nyuki yuko mlembe, yule ndege mdogo aitaye watu na kuwaongoza kwenye asali. Wako wanaodhani hayo ni hadithi za wazee. Sivyo. Mwaka 1989 mtaalamu Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walitoa habari za uchunguzi wao kati ya Waborana wa kaskazini ya Kenya. Mrina asali asiye na ndege alitafuta mzinga karibu saa 9. Aliyeongozwa na mlembe alitumia saa 3 na kidogo. Mtu hupata asali, na ndege hupata nta.

Kutoka Kathonzweni msafiri aweza kushuka mpaka Mto Athi. Ng'ambo yake umesimama uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni mwamba wa volkano ya zamani uliotandazwa kwa mwendo wa kilomita 290 hivi. Mikuyu ya kandokando ya mto ikizaa, ndege wa matunda hukusanyika hapo kama watu siku ya gulio. Anayependelea milima na ageukie Nzaui, na atazame juu ya majabali: penye majabali hukaa pimbi, na pimbi ndiye chakula kikubwa cha tai mweusi mwenye mgongo mweupe.

Upande wa Machakos na Kitui yuko ndege asiyepatikana nchi yoyote duniani ila Kenya. Wataalamu humwita Turdoides hindei. Ni wa rangi ya kahawia yenye mabaka meupe, huenda kwa vikundi vidogo vyenye kelele, na hukaa katika vichaka vya mabondeni kando ya vijito. Mkulima akifyeka kichaka cha mwisho, hana pa kwenda.

Kisha kuna njia ya kusini, ipitayo Kibwezi na kuelekea Mtito Andei. Upande wa kuume msafiri huona Milima ya Chyulu, yenye kimo cha meta 2,188, ambayo sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Chini ni ukame na mawe meusi ya volkano. Juu kuna misitu ya ukungu na ndege wa nchi za baridi. Jina lenyewe la Mtito Andei, kwa Kikamba, maana yake ni msitu wa tumbusi. Ni jina la kutufikirisha, kwa kuwa mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika zilitiwa katika daraja la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Sababu kubwa ni sumu itiwayo katika mizoga ili kuua simba na fisi.

Mwisho wa safari ni Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyo mlimani. Wataalamu huwanasa kwa nyavu, huwavika pete yenye namba mguuni, kisha huwaachilia. Wamekwisha kuvishwa mamia ya maelfu, na baadhi ya pete zimeonekana tena Ulaya na Urusi. Wengine hawazidi gramu 15, nao wamevuka jangwa na bahari ili wale wadudu wa mvua zetu za vuli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndugu msomaji, mkaa wa mti mmoja hupika kwa siku chache, bali pango lake lilichukua miaka mingi kufanyika. Utakapoinua shoka, tazama kwanza juu: kama pana ufa mwembamba uliozungushiwa udongo, ndani yumo mama na wanawe. Kata tawi, uache shina. Na mtoto anayelinda mtama na afundishwe kumtofautisha kwelea na mlembe kabla ya kuokota jiwe.