Kibra: Mipaka ya Msitu Uliopungua

Tulikwenda Nairobi kwa jambo la kheri. Kijana wetu alikuwa amepeleka posa kwa binti wa Kinubi wa Kibra, posa ikapokewa, na sasa ilitubidi sisi watu wa nyumbani, mama mzazi, mashangazi wawili na ami yake, tukaonane na wakwe kabla ya kutajwa siku. Tuliwasili kwa gari la moshi Alhamisi jioni tukalala mjini. Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, uliojengwa baina ya mwaka 1925 na 1933 na ambao kuba zake tatu bado zinaonekana katikati ya majengo yaliyoupita kwa urefu, tukapanda matatu ya nambari 8.

Kwa ramani safari ni fupi mno. Barabara ya Ngong inaelekea magharibi, hospitali kuu ya Kenyatta inabaki mkono wa kushoto, kisha uwanja wa gofu wenye nyasi za kijani, maduka ya Adams, soko la mitumba la Toi, na hapo umefika Makina. Mwenye kuijua Kibra kwa picha za magazeti peke yake hutarajia mabati na matope tu. Mabati yapo, na matope yapo. Lakini Makina tulisikia adhana kabla hatujashuka garini, tukaona vibaraza vilivyofagiliwa, na wanawake waliojitanda gurbaba, vazi lao la shughuli, lililotiwa nakshi kwa mkono.

Wenyeji wetu walitukaribisha kwa kisra, mkate wao mwembamba, na mchuzi, vyote vikiwa vimefunikwa kwa vifuniko vya ukindu vya rangi ambavyo kwetu tungeviita kawa. Shangazi mmoja alikigeuza kimoja mara mbili tatu akitafuta kosa katika usukaji, asilione. Nyumbani walizungumza Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha kambini, na sisi wakatujibu kwa Kiswahili kisicho na doa. Mkubwa wa nyumba alikuwa nyanya wa binti, ambaye wote walimwita habuba. Baada ya chakula alisimama, akachukua bakora yake, akatuambia, "Wanangu, mkitaka kutujua, msianze na ukoo. Njooni niwaonyeshe mpaka."

Basi tulitembea, naye akisimulia. Jina lenyewe, Kibra, maana yake kwa lugha yao ni msitu. Wazee wao walikuwa askari waliotoka Sudan, wakaingizwa katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, na kuanzia mwaka 1904 hivi wakawekwa na wake zao na watoto kwenye msitu huu uliokuwa nje ya mji mchanga wa Nairobi. Hawakuwa na pensheni ya kutosha wala hawakuwa na kwao pa kurudi; ardhi ndiyo iliyokuwa shukrani ya utumishi. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, nalo lilikuwa ekari 4,197. Aliyetaka shamba alihitaji kibali, na kibali kilitolewa kwa aliyetumikia jeshi miaka kumi na miwili. Habuba alipotaja idadi ya ekari aliitaja kwa utaratibu, moja moja, kama mtu anayehesabu tasbihi.

Kibali, hata hivyo, si hati. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa utawala wa kiraia, na miaka michache baadaye Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter ikasema kwamba Wanubi wale ni wapangaji tu wa serikali, wanaokaa kwa hiari yake. Waliopigana vita vikuu viwili kwa ajili ya Uingereza hawakuwa na karatasi ya kumzuia yeyote. Uhuru ulipokuja, ardhi hiyo ilipita kutoka serikali moja hadi nyingine kama ilivyokuwa, na wenye nyumba wakabaki wageni juu ya msingi waliouchimba wao.

Kutoka Makina tuliteremka hadi reli, ile iliyojengwa kuelekea Kisumu, ambayo mpaka leo inakata Kibra na watu huipita kwa miguu kama njia ya kawaida. Tukiwa juu ya tuta habuba alinyosha bakora. Kule kaskazini, kabla ya Barabara ya Ngong, ni Woodley. Magharibi ni Jamhuri, Ayany, Olympic. Kusini, ng'ambo ya bwawa la Nairobi lililochimbwa mwaka 1953 na sasa limemezwa na magugu maji, ni mitaa ya Lang'ata. "Hiyo yote ilikuwa mashamba," alisema. Mtaa mmoja wa nyumba nzuri uliomegwa hapo unaitwa Fort Jesus. Sisi watu wa Mombasa tulicheka, lakini mwenyeji wetu hakucheka sana.

Vijiji vilivyobaki vina majina yanayosimulia yenyewe. Kambi Muru ilichukua jina la Wamoru wa Sudan ya Kusini, mojawapo ya makabila waliyotoka askari. Laini Saba, wapo wazee wanaosema asili yake ni laini ya shabaha, pale askari walipojifunza kulenga bunduki. Kisumu Ndogo na Gatwekera ni majina ya waliokuja baadaye, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na wengine, walioifuata kazi mjini wakapanga vyumba kwa Wanubi. Hapo ndipo pana kidonda ambacho wakwe zetu hawakukificha. Mwenye nyumba hana hati, na mpangaji aliyezaliwa hapo, na baba yake kabla yake, naye anauliza analipa kodi kwa haki gani. Mwaka 2001 mabishano ya kodi yalizua mapigano na watu wakauawa. Tumesikia pande zote mbili katika siku tatu tulizokaa, na hatuoni kuwa upande mmoja peke yake una kilio cha haki.

Tulimwuliza ami wa binti: basi nani anaitawala Kibra? Alicheka, akasema inategemea umeamka na shida gani. Kwa kura, Kibra ni jimbo la uchaguzi lililotengwa kutoka Lang'ata, likampata mbunge wake wa kwanza mwaka 2013. Lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, na Woodley inayounganishwa na Kenyatta Golf Course, na kila wadi ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti ya Nairobi. Yuko pia chifu na manaibu wake, watumishi wa serikali kuu. Ami alisema kwamba kwa miaka mingi, mahali pasipo na hati, neno la chifu ndilo lililoamua kama utaongeza chumba au utakaa na ufa. Na juu ya hayo lipo baraza la wazee wa Kinubi, linalosuluhisha, linaloshuhudia ndoa, na linalokwenda mbele ya wakubwa kudai.

Kudai huko kumechukua vizazi, na si ardhi pekee. Vijana wa Kinubi walipofika umri wa kitambulisho walisimamishwa mbele ya kamati kuhojiwa uraia wao, huku wenzao wa kabila jingine wakijaza fomu na kwenda zao. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi haki ya uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikatoa uamuzi wa kuwaunga mkono, pamoja na suala la ardhi. Binti mwenyewe, mkwe wetu mtarajiwa, alitueleza kwa sauti ndogo jinsi alivyoulizwa jina la babu wa babu yake. Alilijua.

Hatimaye, mwezi wa Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hati ya ekari 288. Ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne ya zile 4,197. Siku ile watu walilia kwa furaha Makina, alisema mama wa binti, na habuba naye alilia, ila hakutuambia kama ni kwa furaha.

Hati hiyo iko mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya jamii nzima, na hapa wanawake wa nyumba walikuwa na mengi ya kusema. Mwenye nyumba akifa, kadhi atawagawia warithi vyumba na kodi ya vyumba, mtoto wa kike apate fungu lake kama Qur'ani ilivyoamuru. Ardhi iliyo chini yake haigawanyiki. Mama wa binti aliona hilo ni kinga: hakuna kaka mwenye deni atakayeuza kiwanja usiku dada zake wakaamkia barabarani. Dada yake mdogo, mjane, hakukubali. Aliyeolewa nje ya Kibra, je, bado ni wa jamii? Na mwanawe? Wadhamini wote anaowajua yeye ni wanaume. Walibishana mpaka chai ikapoa, na sisi tukakaa kimya, maana binti anayeolewa nje ya Kibra alikuwa ameketi baina yetu, akimimina.

Jioni habuba alitupeleka mahali pa mwisho, makaburi ya Waislamu. Alisimama kwenye kaburi la mumewe, akasoma, nasi tukaitikia. Kisha akatuambia kwamba katika mipaka yote aliyotuonyesha, huo ndio ambao hajamsikia mtu akiubishania.

Tukiwa njiani kurudi, alimgeukia mama yake kijana wetu. "Na nyinyi huko Mombasa, bibi harusi mtamweka wapi? Mna hati?"

Tulitazamana. Nyumba yetu ni ya babu, ya mawe na udongo, paa tulilibadilisha wenyewe. Kiwanja ni cha mtu mwingine, ambaye hatujawahi kumwona, na kodi ya ardhi tunampelekea wakala wake risiti kwa risiti, kama wanavyofanya majirani zetu wengi. Mama alimweleza hivyo, bila kuongeza neno.

Habuba alisimama pale pale barabarani, akaegemea bakora, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi tajeni siku," akasema.

Nikaha ni baada ya Mfungo Mosi, inshallah.