Wa Mbali Anaona, wa Ndani Haoni

Ukiweka seva nyumbani kwenu, usijipime kwa kuifungua ukiwa chuo. Mpime mdogo wako aliyekaa nayo chumba kimoja.

Nyumbani kwetu ni Msata, pale barabara ya kutoka Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera. Seva yenyewe si ya kutisha. Ni kompyuta mpakato kuukuu iliyopasuka kioo, imekaa juu ya kabati la vyombo, ina Linux. Ndani yake kuna noti za sekondari, mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita na Wikipedia ya Kiswahili. Tulilipia anwani ya umma ili niweze kuongeza noti nikiwa bwenini Dar. Mdogo wangu wa kidato cha nne na wenzake wa jirani wasome jioni barazani kwa waifai ya nyumbani, bila kununua bando. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu.

Hesabu ikagoma upande usiotegemewa. Mimi, zaidi ya kilomita mia moja kutoka pale, nafungua kila kitu. Yeye, hatua tano kutoka kwenye kabati, hafungui. "Dada, mbona inaniletea ukurasa wa kuingia kwenye ruta?" Mama akauliza kama si bora tungenunua tu madaftari. Watoto nao wakagundua ujanja wao: ukizima waifai ukatumia bando lako, noti zinafunguka. Yaani mtoto analipa hela ili ombi lake litoke Msata, lizunguke huko, lirudi Msata kwenye kabati analoliona kwa macho. Na mtihani wa Novemba haungoji.

Ndugu msomaji, likikukuta hili usikimbilie zima-washa. Jiulize maswali matatu.

La kwanza: nikitumia anwani ya ndani, inafunguka? Kwetu ilikuwa 192.168.1.20, na ilifunguka, ingawa kivinjari kilitoa onyo, kwa sababu cheti cha usalama kinatambua jina na si namba. Basi seva ni nzima. La pili: nikitumia jina nikiwa nje, inafunguka? Ndiyo. Basi mlango wa kuingilia umeelekezwa vizuri. La tatu: nikitumia jina nikiwa ndani? Hapo ndo inakwama. Kama jibu la pili lingekuwa hapana, ungetazama kwanza anwani ya nje kwenye ruta. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue hiyo si ya umma. Mnagawana moja na wateja wengine, na ugonjwa ni mwingine kabisa.

Sasa kwa nini ikwame? Anwani za 192.168 ni za ndani tu. Zimo kwenye maelfu ya nyumba kwa wakati mmoja. Ruta ndiyo bawabu: kwa nje inaonyesha anwani moja ya umma, kwa ndani inagawa kazi. Jina la seva yetu liliandikishwa kwa anwani ya umma. Mgeni akija kutoka nje, bawabu anamwelekeza kwenye kabati. Lakini simu ya mdogo wangu inabisha mlango wa nje ikiwa imesimama ndani. Ruta nyingi za bei ndogo zinaona ombi hilo na kudhani linawahusu zenyewe, zinakuletea ukurasa wao. Nyingine zinalitupa tu.

Hata ruta ikilipeleka kwenye seva, bado kuna mtego. Seva ikiona ombi limetoka kwa simu ya humo humo, inaijibu moja kwa moja kwa anwani yake ya 192.168.1.20. Simu inalikataa jibu: "Mimi sikukuuliza wewe." Ilimuuliza mwenye anwani ya umma. Ili mazungumzo yakubali, ruta lazima ibadilishe anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji, ombi lijikunje kama pini ya nywele na kurudi lilikotoka. Waraka wa wahandisi wa mwaka 2008, RFC 5382, unasema vifaa vya aina hii ni lazima viweze kufanya hivyo. Ruta yetu haikuusoma.

Kama yako ina sehemu ya kuruhusu jambo hilo, iwashe. Kama haina, fanya tulivyofanya: badala ya kubadilisha njia, badilisha jibu la swali "seva iko wapi?" Kwenye ile kompyuta ya kabatini niliweka dnsmasq, programu ndogo inayojibu maswali ya majina. Ukiwa nje, jina linakupa anwani ya umma. Ukiwa ndani, jina hilo hilo linakupa 192.168.1.20. Kisha kwenye ruta nikaagiza kila simu inayoingia iulize majina kwa kompyuta hiyo. Cheti hakilalamiki tena, maana jina ni lile lile. Simu moja tu iligoma, kwa kuwa ilipangiwa kuuliza majina nje kwa siri. Tulizima mpangilio huo, nayo ikatulia.

Tatizo hili si la ruta tu. Miaka ya tisini barua pepe kati ya kampuni mbili za Nairobi ingeweza kupita ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kumfikia jirani. Kituo cha KIXP kilifunguliwa mwishoni mwa 2000 ili mawasiliano ya Kenya yabaki Kenya, kikafungwa baada ya muda mfupi, kikarudi 2002. Sisi tuna TIX Dar es Salaam, na Arusha wana chao. Wazee wa pwani walishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Swali ni nani analipa nauli ya mzunguko huo. Pale barazani walikuwa wanalipa watoto wa shule.

Kwa hiyo ukijenga mfumo wa noti, wa zahanati au wa duka la mjomba, usitosheke kwamba unafunguka Dar. Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta, kisha mpe simu mtu wa nyumbani. Simu italalamika kuwa waifai haina intaneti. Mwambie abaki hapo hapo. Akifungua noti, umemaliza kazi. Asipofungua, ujue vitu vya nyumbani kwenu bado vinaombewa ruhusa nje.