Njia za Miguu

Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Wahenga hao hao wakasema pia: tembea uone. Nimeishi zaidi ya miaka hamsini nikiishika methali ya kwanza na kuipuuza ya pili, na katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyojutia.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na katika saa za mapumziko ni mtunzi wa mashairi. Tangu ujana wangu nimeisifu milima ya Usambara katika tungo zangu. Vina vilikaa mahali pake na mizani haikupungua. Lakini sifa zile zote nilizitoa nikiwa dirishani mwa gari la ofisi. Milima niliiimba, sikuikanyaga. Wala sidhani kwamba niko peke yangu. Wengi wetu tuliopata elimu kidogo hudhani kwamba kwenda kwa miguu ni dhiki ya asiye na nauli, na kwamba kupanda mlima kwa hiari ni kazi ya wageni wenye mikoba mgongoni. Hivyo tumewaachia wageni waijue nchi yetu kwa nyayo, na sisi tukaijua kwa picha za kalenda.

Kumbe kuiona nchi hakuhitaji gari wala fedha nyingi. Mtu akipanda basi la Lushoto asubuhi katika kituo cha Mbezi, Dar es Salaam, hupita Segera na Korogwe penye mashamba ya mkonge, akafika Mombo, chini kabisa ya mlima. Hapo basi huiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda. Toka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini katika kilomita hizo dunia hubadilika. Joto la nyika hubaki bondeni, abiria hufunga madirisha, na akina mama hujitanda khanga ya pili. Hapo Soni, penye maporomoko ya maji, wachuuzi hulikimbilia basi na matunda ambayo watu wa pwani huyaona kwa nadra.

Kutoka mjini Lushoto hadi mwamba wa Irente ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa mtu wa umri wangu. Njia hupita kati ya migomba, mahindi na nyumba za watu. Kila hatua chache yuko wa kuamkiwa, na salamu za milimani haziishi kwa neno moja. Kisha ghafula ardhi hukatika. Mbele yako ni hewa tupu. Chini, nyika imetandazwa mpaka macho yashindwe, na barabara kuu uliyoijia imekuwa uzi mwembamba. Siku ya pili, basi dogo la upande wa Mlalo au Mtae litakushusha Magamba, karibu na msitu uliohifadhiwa, makao ya mbega weusi kwa weupe. Anayeendelea mpaka Mtae hufika kwenye ukingo wa kaskazini wa milima, ambako kijiji kimekaa juu ya ukuta wa mawe kama ndege juu ya paa.

Tukumbuke kwamba historia ya nchi ile yote ilitembewa. Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, anamsimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, akafukuzwa na ndugu zake, akazunguka msituni na mbwa wake akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na kuwagawia watu nyama, mpaka akatawalishwa Vuga. Mbegha hakuwa na farasi. Aliijua nchi bonde kwa bonde kabla ya kuitawala. Sisi tulio maofisini mara nyingi huanza na utawala, tukaiacha nchi ijijue yenyewe.

Nasema haya nikijua ninamsema nani. Mwaka 1994 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja iliyoshughulika na ramani za mashamba. Niliagizwa kunakili ramani ya eneo la mlimani lililokuwa likitengwa kwa shamba la miti. Katika ramani ya zamani palikuwa na mstari wa vitone uliolikata eneo lile katikati. Sikujua ni wa nini, wala sikuuliza. Niliona unaichafua kazi yangu, nikauacha. Mkubwa wangu aliisifu ramani kwa usafi wake.

Miaka zaidi ya ishirini na tano ilipita. Siku moja, katika matembezi yangu haya mapya, nilishuka kwenye basi katika kijiji ambacho jina lake nililikumbuka kwa shida. Nikafuata kinjia kilichopanda kati ya mashamba ya maharage, na mara kikanifikisha kwenye uzio. Nyuma ya uzio ilisimama mikaratusi, safu kwa safu. Hapo nilimkuta mama mtu mzima ametua mzigo wa kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unakwenda wapi?"

"Natembea tu, mama."

Alinitazama kwa huruma. "Basi umepotea. Njia ya kwenda ng'ambo ilikuwa inapita hapa hapa. Ndiyo niliyopitishwa siku ya kuolewa kwangu. Sasa twazunguka bonde zima, hata mwenye mtoto mgonjwa anayekwenda zahanati. Tulipouliza, tuliambiwa njia haimo kwenye ramani."

Nilijitwika kuni zake, tukazunguka pamoja. Nilitazama saa yangu: dakika hamsini. Kwa njia ya kukata, alisema, ungeanza kuimba wimbo huku ukaumalizia huko. Shingo yangu iliuma, na hilo ndilo lililonifungua kinywa. Nilimwambia kwamba mkono ulioiacha njia ile ni huu uliokuwa umeshika kuni zake. Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikaona haya kumtazama. Kisha akasema: "Basi iandike, baba. Kalamu si ungali nayo?"

Nimeiandika. Nilirudi kijijini mara mbili, kwa basi lile lile, nikakaa na wazee, wakanionyesha mwerezo wa njia kwa mawe na miti waliyoikumbuka, na serikali ya kijiji ikatia muhuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya watu kupita. Barua yetu imeitaja. Jibu halijafika, nami nafuatilia.

Tunapotaja utamaduni, aghalabu tunafikiri juu ya ngoma, mavazi na nyimbo. Vyote hivyo ni haki yake. Lakini njia ya miguu nayo ni kazi ya mikono, au tuseme ya nyayo, ya watu wengi kwa miaka mingi. Imeunganisha wakwe na wakwe, gulio na shamba, mgonjwa na dawa. Haina mnara wala kibao, na hufa mara moja tu watu wakiacha kuipita, au karani mmoja akiiona ni uchafu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ya mapumziko panda basi, ushuke mahali ambapo hujawahi kushuka, uulize njia. Usiwe na aibu ya vumbi. Mashairi yangu ya Usambara nimeyatoa kabatini, nami nayaandika upya, polepole, kwa mwendo wa mtu aliyebeba kuni.