Kama Mbio Ni Kazi, Zifanywe Saa za Kazi

Watu wa Nairobi wakisikia unatoka Uasin Gishu wanadhani unaamka saa kumi, unakimbia kilomita 20, halafu ndio unakunywa chai. Jameni. Kuja Turbo siku ya kazi uone. Keshia amekaa kwa kiti cha plastiki kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mtu wa boda amekaa juu ya pikipiki siku nzima, hata choo anaenda nayo. Wanaokimbia tunawaona wakipita, na tunawapungia mkono tukiwa tumekaa.

Kwa hivyo wadosi wakianza kuambia wafanyakazi wafanye mazoezi, mimi sipingi. Mtu mwenye afya haombi ruhusa ya hospitali kila wiki, mgongo haumsumbui, na ikifika saa tisa mchana bado anasikia vizuri mteja ameagiza nini. Biashara inafaidika, hiyo sitabishana na mtu. Swali langu ni hizo saa za mazoezi zinatoka kwa nani.

Binamu yangu ameandikwa kwa duka moja la jumla hapa mjini, jina nitabaki nalo. Juzi mdosi wao aliandika kwa grupu ya WhatsApp: kuanzia Jumapili, saa kumi na moja na nusu asubuhi, kila mtu na raba zake, kilomita 5. Asiyekuja atakatwa shilingi 200. Mwishoni akaweka picha ya mkono wenye msuli.

Jumapili ndiyo siku yao pekee ya kupumzika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na kukimbia nyuma ya mdosi ukiogopa kukatwa 200 si mapumziko, hiyo ni shifti. Binamu yangu siku hiyo hufua nguo za wiki nzima ndio aende kanisa. Tena saa kumi na moja na nusu Turbo bado ni giza, na barabara yetu ndiyo ile ya Eldoret kwenda Malaba, malori ya Uganda yanapita usiku kucha. Sasa msichana akimbilie wapi, kando ya trela?

Mwajiri aliyeelewa haya mambo mapema hapa Kenya ni serikali, tena upande wa magwanda. Kipchoge Keino alikuwa polisi alipoenda Mexico mwaka wa 1968 akarudi na dhahabu ya mita 1,500. Mpaka leo Polisi, Magereza na Jeshi huandika wakimbiaji, na mkimbiaji wao akiwa mazoezini anahesabiwa yuko kazini. Mshahara unaingia miguu ikienda. Ndiyo maana huku kwetu mzazi akisikia mtoto ameandikwa Magereza kwa sababu ya mbio, jirani wote wanaitwa chai. Angalia pia voliboli ya wanawake: KCB na Kenya Pipeline wamechukua ubingwa wa vilabu vya Afrika, na hiyo huipati kwa kutisha watu na faini ya Jumapili. Kwa kweli hao ni wanamichezo, si makeshia. Lakini kanuni ni ileile: anayetaka matunda ya mwili wa mtu anaulipia muda wake.

Na muda wenyewe si mwingi, wacha tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Gawa kwa siku 5, unapata dakika 30. Chukua duka la wafanyakazi 6, kila mmoja analipwa 600 kwa siku ya saa 10. Nusu saa ya mtu mmoja ni shilingi 30. Wote 6 ni 180 kwa siku. Watoke watatu watatu saa nane mchana, wakati duka limelala na hata paka wa store amelala, waende upande wa msitu na kurudi. Mlango haufungwi. Mdosi hupoteza zaidi ya 180 kwa chenji inayohesabiwa vibaya na keshia aliyechoka jioni, na hiyo haandiki kwa grupu.

Halafu kuna kijana wa kubeba magunia. Yeye pia ameambiwa alete raba. Huyu anabeba mahindi, gunia la kilo 90, kutoka lori hadi store, kutwa nzima, wiki nzima. Kuna utafiti wa Denmark uliotoka 2021, ulifuatilia zaidi ya watu 100,000. Waliofanya mazoezi kwa muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na ya kufa mapema. Wale wa kazi nzito za mwili, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Ukifikiria utaona: anayekimbia kwa hiari anachagua mwendo, akichoka anasimama. Wa magunia hachagui, lori linangoja. Huyo hahitaji kilomita 5. Anahitaji mkokoteni, mtu wa pili wa kushikana naye gunia, na ruhusa ya kukaa chini bila kuitwa mvivu.

Nimeulizia hapa mjini kama kuna mdosi anayetoa hata dakika 20 za saa za kazi watu wanyooshe miguu. Mpaka sasa nimepata mmoja, fundi wa nguo. Ana mfanyakazi mmoja, na ni bibi yake.